Kesi ya Anko na Lenzi Iliyozunguka

Kwa grupu ya WhatsApp ya familia yetu kuna kesi ambayo haijawahi kufungwa. Mshtakiwa ni anko wangu, dereva wa trela, mtu ambaye ameendesha barabara ya Mombasa mpaka Malaba tangu kabla sijazaliwa. Mashtaka: eti aliharibu lenzi ya laki moja na ushee ambayo sisi wote tulichangia. Shahidi mkuu ni anti mmoja aliyemwona akiinua jerikeni la maji siku ya tatu baada ya operesheni. Hukumu ilitolewa kwa voisi noti ya dakika nne. Rufaa hakuna.

Mimi si daktari, wasee. Chuo chenyewe niliacha mwaka wa pili, na haikuwa hata kozi inayokaribia udaktari, kwa hivyo usikuje inboksi kuniuliza dawa ya macho. Lakini niko na macho mabovu kama ya Anko, niko na bando, na usiku silali mapema. Nimefuata historia ya hiyo lenzi mpaka nyuma kabisa, na nataka kuwaambia nilichokipata, hasa wewe anti ukiisoma hii, na najua utaisoma.

Tuanze na ugonjwa wenyewe. Mtoto wa jicho si ngozi inayoota juu ya jicho vile watu husema mtaani. Ndani ya jicho, nyuma tu ya mboni, kuna lenzi uliyozaliwa nayo, iko wazi kama maji. Miaka ikienda inakuwa na ukungu, na dunia inakuwa kama unaiangalia kupitia dirisha la matatu asubuhi ya baridi Limuru. Dawa ni moja tu: hiyo lenzi itolewe, iwekwe nyingine ya plastiki.

Anko alikuwa na hiyo, na juu yake akawa na kitu cha pili, kile hata mimi niko nacho: astigmatizimu. Hapa konea, ile sehemu ya mbele ya jicho iliyo wazi kama kioo, haina umbo la mpira wa kandanda. Imepindika zaidi upande mmoja kuliko mwingine, kama mpira wa raga. Mwanga ukiingia haukutani mahali pamoja. Ndio maana mimi nikiwa Thika Road usiku bila miwani, kila taa ya gari inavutika kuwa mstari, na nambari ya basi naisoma ikiwa imeshanipita. Sasa fikiria mtu anayeendesha trela ya magurudumu ishirini na mbili, Mtito Andei, saa nane usiku, na taa za magari mengine zinamjia hivyo.

Ukimtoa mtu kama huyo mtoto wa jicho na kumwekea lenzi ya kawaida, ukungu unaisha lakini mistari inabaki. Kwa hivyo kuna lenzi maalum, inaitwa toriki, ambayo nayo imetengenezwa na mpindo wake, ili ukiweka mpindo wa lenzi dhidi ya mpindo wa konea vifutane. Lakini lazima vipangane. Hiyo "lazima" ndiyo historia yote ninayotaka kuwapa.

Mtu wa kwanza kuieleza astigmatizimu vizuri alikuwa Thomas Young, Mwingereza, mwaka wa 1801, na alijichunguza mwenyewe. Alichukua kimrija kidogo chenye maji na lenzi, akakibana kwenye jicho lake ili nguvu ya konea ipotee, akaona shida bado iko pale pale. Akajua kwake yeye kasoro haiko mbele, iko kwa lenzi ya ndani. Jamaa hakuwa hata na umeme. Halafu 1825 akaja George Airy, mwanahesabu wa Cambridge, ambaye aligundua kwamba akisoma, jicho lake la kushoto halifanyi kazi yoyote. Akapiga hesabu, akamwendea fundi wa miwani mjini Ipswich, akatengenezewa lenzi yenye mpindo upande mmoja. Kila mtu anayevaa miwani ya astigmatizimu leo, mimi nikiwemo, anamdaiwa huyo mzee.

Kumbuka kitu kimoja kuhusu miwani ya Airy. Inakaa kwenye pua. Ikipinda unainyoosha na kidole.

Sasa turuke miaka zaidi ya mia, twende vitani. Tarehe 15 Agosti 1940, rubani wa Uingereza anaitwa Gordon Cleaver alipigwa risasi angani akiwa kwa ndege ya Hurricane. Kifuniko cha ndege kilikuwa cha plastiki inaitwa Perspex, kikapasuka, vipande vikamwingia machoni. Mmoja wa madaktari waliomshughulikia Cleaver aliitwa Harold Ridley. Kitu ambacho Ridley alikiona kwa marubani wa aina hii kilimkaa kichwani: vile vipande vya plastiki vilikuwa ndani ya jicho na jicho limetulia. Kawaida ukiingiwa na kitu jichoni mwili unapigana nacho, unavimba, unatoa usaha. Perspex ilikuwa imekaa tu, kama mgeni asiyesumbua.

(Kabla sijasahau: huyu Ridley aliwahi kufanya kazi Afrika. Wakati wa hiyo vita alikuwa Gold Coast, Ghana ya leo, na huko alichunguza ule upofu wa mtoni unaoletwa na nzi weusi, akauandikia kitabu 1945. Shuleni hawakuniambia. Shuleni hawakuniambia mengi.)

Vita ikaisha. Wakati huo ukitolewa mtoto wa jicho unaachwa bila lenzi kabisa, unapewa miwani minene kama chini ya chupa ya soda. Siku moja mwanafunzi aliyekuwa akimwangalia Ridley akifanya operesheni akauliza swali ambalo lingeweza kuulizwa na mtoto wa darasa la tatu: mbona unatoa lenzi na hurudishi nyingine? Manze, hilo swali! Ridley akaenda kwa kampuni ya Rayner, wakatengeneza lenzi ya Perspex, na tarehe 29 Novemba 1949, katika hospitali ya St Thomas' jijini London, akaiweka kwa jicho la mama mmoja wa miaka 45. Alifanya kwa siri. Hakutangaza mpaka 1951, na alipotangaza kwenye mkutano wa madaktari wa macho Oxford, mkubwa wao wa wakati huo, Stewart Duke-Elder, alikataa hata kuwaangalia wagonjwa walioletwa. Miaka na miaka Ridley akachukuliwa kama mtu hatari. Alipewa heshima ya "Sir" mwaka wa 2000, akiwa na miaka 93, akafa mwaka uliofuata. Na uzeeni yeye mwenyewe aliwekewa lenzi, macho yote mawili, hospitali ile ile.

Lakini wacha niwe mkweli, hizo lenzi za kwanza zilikuwa na matatizo. Yule mama aliachwa haoni mbali kabisa, kwa sababu Ridley alinakili umbo la lenzi ya asili na kusahau kwamba plastiki inapinda mwanga zaidi. Hiyo ilirekebishwa haraka. Shida iliyobaki ni kwamba lenzi zilikuwa nzito na hakuna kilichozishika, kwa hivyo nyingine zilianguka tu zikazama ndani ya jicho. Kwa hivyo tangu siku ya kwanza swali la hii kazi limekuwa lile lile: ukishaiweka, itakaa?

Miaka arobaini iliyofuata nitaipitia haraka kwa sababu ni watu wengi. Charles Kelman wa New York alikaa kwa kiti cha daktari wa meno, akaona kile kichuma kinachotetemeka cha kusafisha meno, akawaza, hii inaweza kuvunja mtoto wa jicho. Ikaweza. Kwa hivyo kidonda kikawa kidogo. Miaka ya themanini zikaja lenzi zinazokunjika, zinapita kwa tundu dogo na kufunguka ndani. Na wakati huo huo Howard Gimbel wa Kanada na Thomas Neuhann wa Ujerumani, kila mmoja kivyake, wakapata njia ya kufungua kile kifuko kinachofunika lenzi ya asili kwa mkato wa duara safi, bila kukirarua. Sasa lenzi mpya ikapata nyumba. Unaiweka ndani ya kifuko, miguu yake miwili inasukuma kuta za kifuko, inakaa. Haianguki tena.

Ila kuna kitu hakuna aliyekuwa na haja ya kukifikiria. Ndani ya hicho kifuko lenzi inaweza kuzunguka kama sterini. Lenzi ya kawaida ikizunguka hakuna atakayejua, kwa sababu iko sawa pande zote. Ni kama sahani ya chapati, izungushe utakavyo, ni sahani ile ile. Lakini lenzi ya toriki ina upande. Ikizunguka, mpindo wake unaacha kupambana na mpindo wa konea na kuanza kuelekea kwingine.

Hesabu yake inauma. Lenzi ikitoka kwa mstari wake kwa digrii 1, unapoteza karibu asilimia 3.3 ya kazi yake. Digrii 10, umepoteza theluthi. Digrii 30, imekwisha, astigmatizimu uliyobaki nayo ni nyingi kama ile uliyoanza nayo, ila sasa imelala upande mwingine. Ikipita digrii 30 ni mbaya kuliko kama ungewekewa ya kawaida. Kwa saa ya ukutani, digrii 30 ni kutoka saa sita mpaka saa saba. Hiyo tu. Na tofauti na miwani ya Airy, hakuna kidole kitakachoinyoosha.

Aliyekuwa wa kwanza kukutana na hili ana kwa ana ni Mjapani, Kimiya Shimizu. Mwaka wa 1992 aliweka lenzi ya kwanza ya toriki, na 1994 akachapisha matokeo. Nimemheshimu huyu jamaa kwa sababu aliandika bila kuficha. Lenzi yake ilikuwa ya plastiki ngumu, ikaingizwa kwa mkato wa milimita 5.7. Wazo lilifanya kazi, astigmatizimu ilipungua. Lakini karibu nusu ya lenzi zilizunguka zaidi ya digrii 10, na kama asilimia 20 zilizunguka digrii 30 au zaidi. Yaani mtu mmoja kati ya watano lenzi ilimwacha palepale alipoanza, au mbaya zaidi. Anti, hebu soma hiyo tena. Hao watu wote hawakubeba jerikeni.

Shida ilikuwa miguu. Miguu ya lenzi hiyo ilikuwa nyuzi nyembamba. Baada ya operesheni kifuko kinaanza kujikunja na kubana, kinaminya hiyo miguu, na ikishaminywa haina nguvu ya kurudi ilivyokuwa, lenzi inageuka nayo. Wamarekani wakajaribu njia nyingine. Kampuni ya STAAR ikatengeneza lenzi ya silikoni isiyo na miguu, ni kama kipande kimoja kirefu, na 1998 ikawa lenzi ya kwanza ya toriki kuruhusiwa Marekani. Hii nayo ikawa na tabia tofauti kabisa. Kifuko kikishabana, haitoki tena, imeshikwa. Lakini siku za mwanzo, kabla kifuko hakijabana, inateleza, kwa sababu silikoni ni laini na kifuko cha mtu mwenye jicho kubwa kina nafasi. Wakairefusha, kutoka milimita 10.8 mpaka 11.2, ikajishika vizuri zaidi kwa macho makubwa.

Jibu lililobadilisha mchezo lilikuwa gundi, ingawa hakuna mtu aliyepaka gundi. Kuna plastiki nyingine, akriliki isiyopenda maji, ambayo ikigusa kuta za kifuko inanata, protini za mwili zinaishikilia. Lenzi ya toriki ya AcrySof iliyotengenezwa na hiyo akriliki iliruhusiwa Marekani 2005, na hapo ndipo hii kitu ikatoka kuwa majaribio ya watu wachache ikawa kazi ya kila siku.

Usidhani ilimalizika hapo. Mwaka wa 2018 madaktari wawili wa Marekani, Bryan Lee na David Chang, walilinganisha lenzi mbili zilizokuwa zikipendwa zaidi, AcrySof na Tecnis, kwa macho zaidi ya elfu moja. Za kwanza, karibu asilimia 92 zilikuwa ndani ya digrii 5 za mahali zilipowekwa. Za pili, karibu asilimia 82. Zote mbili ni akriliki, zote za kampuni kubwa, na bado moja ilikuwa inateleza zaidi. Baadaye Tecnis wakatoa toleo jipya ambalo miguu yake imekwaruzwa kidogo, si nyororo tena, ili iwe na mshiko. Ni ile akili ya fundi wa matairi, tairi likiisha meno gari linateleza. Anko alicheka sana nilipomwambia hivyo.

Sasa twende kwa kipande kilichonifanya niandike hii yote. Lenzi ikizunguka, huwa inazunguka lini? Mwaka wa 2017 watafiti wa Japani walipima lenzi mwisho wa operesheni, wakapima tena baada ya saa moja, kesho yake, na kuendelea. Mzunguko mkubwa kuliko wote ulikuwa ndani ya ile saa ya kwanza. Saa ya kwanza, wasee. Kifuko bado hakijashika, ndani kumebaki ile jeli ambayo daktari huitumia kulinda jicho, na jeli ikibaki nyuma ya lenzi inakuwa kama sabuni. Mtu hata hajafika nyumbani. Kila siku inayopita inakuwa ngumu zaidi kwa lenzi kusogea, na baada ya wiki kadhaa imeshafungwa.

Na kuna vitu vingine viwili. Macho marefu, ya watu ambao hawaoni mbali, yana kifuko kikubwa, na lenzi zao huzunguka zaidi. Anko amevaa miwani ya mbali tangu akiwa kijana. Pia kuna suala la alama. Ukilala chali, jicho lako lenyewe linazunguka kidogo, kwa kawaida digrii mbili tatu, kwa watu wengine zaidi ya 10. Ndiyo maana mgonjwa anatakiwa kuwekewa alama za wino kwenye jicho akiwa ameketi wima, kabla ya kulala kwenye meza. Zisipowekwa vizuri, lenzi inaweza kuwa haikuzunguka hata kidogo, iliwekwa tu mahali pasipo pake.

Nilimuuliza Anko kama alichorwa alama akiwa ameketi. Akasema hakumbuki. Sitataja hospitali, na sisemi walikosea, kwa sababu siwezi kujua. Ninachojua ni vile mambo yalivyokuwa. Asubuhi ya kwanza, bandeji ilipotolewa, aliambia mkewe ukungu umeisha lakini taa bado zinavutika, na sasa zinavutika zikiwa zimelala upande. Hiyo ni kesho yake. Jerikeni lilikuwa siku ya tatu. Hakumwambia mtu mwingine kwa sababu tulikuwa tumechanga, kila mtu anamuuliza "sasa unaona?" na yeye anajibu "naona". Mwanaume wa miaka 58 anaogopa kuonekana hana shukrani. Alikaa na hiyo siri mwezi mzima, trela ikapewa dereva mwingine, na alipoongea hatimaye, voisi noti ikamngoja.

Hilo ndilo linaloniuma. Kwa sababu hii kitu ina tiba. Daktari anarudi ndani na kuizungusha lenzi mahali pake. Utafiti mmoja mkubwa wa Japani ulionyesha kwamba wanaohitaji kurudi hivyo ni chini ya 1 kati ya 100, na kwamba ni vizuri kungoja kama wiki moja ndiyo irudishwe, kwa sababu ukiharakisha kifuko bado ni kikubwa, inateleza tena. Lakini ukichelewa sana kifuko kinaishika na kuibandua kunakuwa kazi. Anko alikuwa na dirisha lake la wiki kadhaa na tulilitumia kubishana juu ya jerikeni.

Mwezi uliopita nilimpeleka kwa daktari mwingine. Alimtanua mboni na dawa, akaangalia na mashine, akatusomea: lenzi iko digrii 25 nje ya mstari. Nilipiga hesabu hapo hapo kwa simu. Kwa digrii 25, zaidi ya asilimia 80 ya astigmatizimu yake iko bado, imegeuka tu. Daktari akasema kifuko kimeshika lakini si sana, atajaribu. Nikamuuliza kuhusu jerikeni. Akaniangalia kama mtu ambaye ameshaulizwa hilo swali mara nyingi, akasema kuinua vitu vizito si vizuri siku za kwanza, lakini kama aliona hivyo kutoka kesho yake, jerikeni halihusiki.

Nilirekodi hiyo sentensi, kwa ruhusa yake. Sekunde kumi na moja. Nikaituma kwa grupu ya familia, bila maneno yangu yoyote.

Tiki mbili za buluu kwa watu kumi na tisa. Anti akajibu saa tano usiku: "Sawa. Siku ya operesheni ni lini, na inabaki pesa ngapi?" Anko naye hakuandika kitu huko. Alinipigia mimi, akataka kujua jambo moja tu, kama safari hii ni sawa akikataa kulala kwenye ile meza mpaka kwanza amechorwa akiwa ameketi.